Ungo Mmoja, Kisha Inua Macho

Baba mkubwa Zakaria tumemzika Idodi mwezi huu, na kabla udongo haujakauka watu walikuwa wameshamsafisha. Walisema alikuwa mtu wa watu. Walisema aliwasaidia watoto wa ukoo kwenda mjini. Padri naye akarudia, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa, na mimi nikiwa nimekaa chini na wanawake wenzangu nyuma ya jiko la msiba nilisikia kila neno kupitia spika, nikasema moyoni, haya, semeni. Mjini alitupeleka kweli. Mimi ndiye niliyetangulia kupelekwa. Kwenye mkono wangu wa kushoto kuna kovu, linaanzia kwenye kiwiko mpaka karibu na kiganja, la chai ya moto aliyonimwagia Mama Rehema wa Tabata, niliyekuwa namfanyia kazi za ndani, kwa sababu mtoto wake alikataa uji. Huyo naye namtaja. Wameniambia nisiwataje watu, hasa waliokufa, nikawajibu kwamba wao ndio waliokaa kimya watu hao walipokuwa hai, basi kila mtu abaki na kazi yake.

Tulikuwa tunachambua maharage ya kuwalisha waombolezaji. Ndipo akaja binti mrefu, amejifunga kitenge juu ya sketi, akapiga goti akiwaamkia wakubwa mmoja mmoja, kamwene, kamwene, akavuta ungo uliokuwa wazi akakaa ubavuni kwangu. Ni Imakulata, mtoto wa mdogo wangu Getruda. Sasa yuko chuo cha uuguzi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alimlilia babu yake kweli, si kilio cha kuwaonyesha watu, na nilishangaa, maana katika wote waliokuwa pale yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kukaa na macho makavu. Kisha nikaangalia mikono yake. Alikuwa anayavuta maharage kwa vidole viwili, machache machache, mazima yanakwenda huku, mabovu yanakwenda kule, yale ambayo hana uhakika nayo anayaacha katikati ayarudie baadaye. Ndivyo nilivyomfundisha Mbeya, mwaka ule. Kazi ikanishinda. Nikakaa namwangalia tu.

Mwaka ninaousema ni ule aliokuwa darasa la saba. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Ilomba, nimekigawa kwa pazia, upande huu kitanda chetu, upande ule meza, ndoo za maji na magunia ninayokalia. Jiko la mkaa lilikaa nje chini ya dirisha, na mvua ikinyesha tunaliingiza mlangoni tukikohoa. Mwezi wa sita baridi ya Mbeya ilikuwa inapenya kwenye matofali, ukiamka unakuta ukuta una unyevu kama umetokwa jasho. Asubuhi tulikula viazi vya kuchemsha na chai ya mchaichai, jioni ugali na maharage, kwa sababu maharage ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa nachambua kwenye ghala moja kule Soweto, hapo hapo Mbeya. Mfanyabiashara analeta magunia kutoka vijijini yamechanganyika, kuna vijiwe, kuna yaliyotobolewa na wadudu, kuna yaliyosinyaa, kuna ya rangi nyingine, na sisi wanawake tunakaa juu ya maturubai tunayatenganisha. Anayeona hiyo ni kazi ya mikono hajawahi kuifanya. Ni kazi ya macho. Ukijaza ungo mpaka juu kwa tamaa ya kumaliza, macho yanachoka bila kukwambia, yanaanza kukudanganya, unatupa zima unabakiza bovu, na mnunuzi anarudisha gunia. Kwa hiyo pale ghalani tuna desturi yetu. Ungo mmoja, tena usiojaa. Ukiisha, unainua macho unatazama mbali. Mlango wa ghala umeelekea mlima Loleza, basi sote tunautazama mlima. Ukizidisha, wenzako wanakutania, "Fausta, huo mlima umekuposa? Rudi kazini." Unacheka, unavuta ungo mwingine.

Imakulata aliletwa kwangu akiwa la sita. Getruda alinipigia simu kutoka Idodi akasema maneno machache, "Dada, huku wameshaanza kumwangalia mtoto." Sikuuliza maswali. Kwa upande wetu msichana akifeli la saba anachukuliwa kwenda Dar kuwa dada wa kazi, na kuna wazee wasiosubiri afeli. Wanamwambia afeli. Mimi baba mkubwa Zakaria aliniita nyuma ya zizi siku moja kabla ya mtihani, akanipa gauni jipya la maua, akasema ukiingia mle ndani jaza herufi moja, kuanzia juu mpaka chini. Nikalipokea gauni kwa mikono miwili nikasema ndiyo, baba. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa hapana, na ukishapokea kitu chake kwa mikono miwili umeshakubali neno lake. Kesho yake nikajaza herufi moja, kuanzia juu mpaka chini. Watu wakisikia habari hii wananihurumia kwamba sikupata akili za shule. Wasinihurumie kwa hilo. Yale majibu nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayasoma yale maswali na jibu naliona limekaa pale linanitazama, nalipita. Mambo ya Tabata yaliniumiza mwili, lakini hili ndilo ninaloamka nalo.

Basi Imakulata alipoingia la saba nilijua kitu kimoja tu, kwamba huyu lazima afaulu, na sikujua hata kidogo namna ya kumsaidia. Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Hisabati za siku hizi zina michoro ambayo sikuwahi kuiona. Yeye mwenyewe alianza kama wanavyoanza wote. Alitoa madaftari yake ya tangu la tano, akayapanga mezani yakawa kama kichuguu, akafungua la juu akasema leo anasoma mpaka yaishe. Nilirudi kutoka kuteka maji nikamkuta amelala juu ya Sayansi, shavu limegandia wino. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alikaa anayatazama yale madaftari bila kuyagusa, machozi yanashuka, akasema, "Mama mkubwa, nikisoma hili, lile linatoka." Nilikuwa nimeleta nyumbani maharage ya kuchambua. Nikasukuma meza pembeni nikamwekea ungo mapajani. Nikamwambia acha vitabu, nisaidie. Akajaza ungo mpaka juu. Nikaupunguza. Akauliza kwa nini, nikamweleza habari ya macho, jinsi yanavyochoka kimyakimya, na jinsi tunavyoutazama mlima. Alisikiliza, akachambua ungo ule wote, akauweka chini. Kisha akainuka akaenda kusimama mlangoni akatazama mbali, akakaa pale muda, chai yake ikapoa.

Kesho yake nilimkuta amechana karatasi za daftari la zamani, ameandika kila swali gumu kwenye kipande chake, amevijaza vile vipande kwenye ungo wangu mdogo. Anachukua kimoja, anajibu kwa sauti ya chini, anaangalia kitabu. Akipata, kinakwenda kulia. Akikosa kabisa, kushoto. Akipata kwa kubahatisha, kinabaki katikati. Ungo ukiisha anainuka anakwenda mlangoni. Akirudi hagusi vya kulia wala vya kushoto, anarudia vya katikati tu. Hakuna mwalimu aliyemwonyesha. Mimi nilimpa ungo wa maharage, yeye akatengeneza njia ya kusoma. Nilisimama na sufuria mkononi kama mtu aliyeingia kanisani bila kujua ni kanisa. Nilimuuliza kwa nini harudii vya kushoto, vile vilivyomshinda. Akasema hivyo bado, ngoja vya katikati vipungue kwanza, baadhi ya vya kushoto vitajisogeza vyenyewe. Na kweli, wiki zilivyokwenda nikaviona vinajisogeza. Swali lililokuwa kushoto mwezi wa tatu linakuwa katikati mwezi wa nne, na siku moja analitupa kulia huku akitafuna kiazi, bila hata kujua kwamba amefanya jambo. Mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nahesabu moyoni kama vile ni mimi ninayeokotwa.

Tukazoea. Somo moja kwa siku, Jumamosi anakuja na vipande vyake ghalani, Jumapili hakuna kitu, misa na kufua tu. Pale ghalani wanawake walimpenda, wakawa wanamwita mchambuzi mkuu, wakimwona anainua macho na wao wanainua. Mmoja akamtania kwamba akifaulu awapeleke wote sekondari wakachambue walimu.

Halafu ikaja kambi. Namtaja Mwalimu Gwamaka, mwalimu wa taaluma wa shule ile, kwa sababu kambi ilikuwa yake. Baada ya likizo ya mwezi wa sita alitangaza kwamba la saba wote watabaki shuleni, wanalala madarasani, wanasoma tangu kabla ya jua mpaka mtoto anaanguka, na anayesinzia anachapwa. Wazazi wengi walifurahi. Walileta magodoro na unga, wakasema sasa shule imeamka. Mimi pia nilimpeleka, nikaogopa kuonekana mjinga. Alikuwa anaruhusiwa kuja nyumbani Jumapili, na Jumapili ya kwanza alikuja kimya, akala, akalala. Jumapili iliyofuata akasema atanisaidia maharage. Nikampa ungo. Nilipouchukua kuutazama, kwenye fungu la kutupa kulikuwa na maharage mazima, ya njano, yanang'aa, na kwenye fungu zuri amebakiza yenye matundu. Mtoto ambaye mikono yake ilikuwa inapita mikono ya watu wazima pale Soweto. Nikamuuliza amesoma nini wiki ile. Akasema wamesoma kila kitu. Nikamuuliza swali moja la Uraia lililokuwa kulia tangu mwezi wa nne. Alinitazama kama nimesema kwa lugha nyingine.

Jumatatu nilikwenda shuleni. Nilimkuta Mwalimu Gwamaka ofisini na wenzake wawili wanakunywa chai. Nikasalimia, nikamweleza kwamba mtoto amechoka, naomba awe anarudi nyumbani jioni. Akaniuliza kwa upole, ule upole wa kumdharau mtu, "Mama, wewe umesoma mpaka wapi?"

Nikamwambia la saba.

"Ulifaulu?"

Wale wenzake wakatazama vikombe vyao. Nikasema hapana. Akaniuliza kama sasa nimekuja kumfundisha yeye mtoto anavyofaulu. Nikamwambia, "Sikufundishi, mwalimu. Nakuomba mtoto wangu." Akageuza geuza kalamu, akasema nimchukue, lakini akishusha wastani wa shule atakuja kunitafuta huko huko ghalani. Nikamwambia karibu, huwa tunafungua asubuhi. Tulitoka mimi na Imakulata amejitwika godoro kichwani, wenzake wanachungulia madirishani, na sikujua kama nimemwokoa au nimemmaliza. Njia nzima nilikuwa najiuliza kama huyu ndiye anayejua na mimi ndiye ninayeharibu. Mtu aliyefeli anabaki na shaka hiyo maisha yake yote, hata akiwa sahihi.

Nilimlaza. Kwa siku kadhaa baada ya shule alikuwa anakuja analala tu, nikampikia kande zilizoiva mpaka zikalainika, nikamwekea parachichi pembeni, sikuuliza kitu. Kisha siku moja nikarudi kutoka ghalani nikamkuta na ungo mdogo mapajani. Alikuwa ameupunguza mwenyewe. Kuanzia hapo mpaka mwezi wa tisa niliona jambo ambalo sijaliona tena kwa mtu yeyote. Mtoto yule alijua kipimo chake. Ilikuwa inafika mahali anasema basi, leo imetosha, na huwezi kumwongeza hata kipande kimoja. Siku nyingine anasema leo naweza ungo mwingine, na kweli anaumaliza macho yakiwa yamewaka. Wiki ya mwisho ya mwezi wa nane alikusanya vipande vyote vya kushoto, vile vilivyokataa kusogea, vikawa konzi moja. Akaviangalia. Akatoka nje akavitia kwenye jiko, vikashika moto chini ya sufuria ya chai. Nikashtuka nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Hivi nimeviacha, mama mkubwa. Nikiving'ang'ania vitanichukulia vingine." Ana miaka kumi na mitatu, anasema hivyo huku anapuliza mkaa. Mimi ni mtu ambaye sijawahi kuacha kitu. Nina maneno niliyoambiwa Tabata ambayo nayajua kwa mpangilio wake mpaka leo. Nilikaa kwenye gunia nikamtazama yule mtoto na moto wake, na nilimwogopa kidogo, vile unavyoogopa kitu kikubwa kuliko wewe ambacho kimelala kwenye kitanda chako.

Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani, tumetoka misani, nikakaa nje chini ya dirisha nakaanga vitumbua. Nikaona mzee anakuja na fimbo na mfuko wa plastiki. Baba mkubwa Zakaria. Ametoka Idodi, akapita Iringa mjini, akaja mpaka Mbeya, yeye ambaye hakuwahi kunitembelea hata nilipoumwa. Nikapiga goti, nikamkaribisha ndani, nikampa maji. Akauliza kama kwenye mtaa huu kuna pombe ya komoni, nikasema sijui. Akasema nisiache mafuta, niendelee na shughuli, yeye anataka kumwona mjukuu wake. Nikarudi kwenye kikaango. Dirisha lilikuwa halina kioo, ni wavu tu. Nikamsikia anamuuliza shule, anamuuliza afya, kisha mfuko ukachakacha.

"Nimekuletea viatu," akasema. "Vya safari. Mama Deo ameshakupatia watu wazuri Dar, watu wa dini. Mama yako amechoka, unajua. Sasa ukiingia mle ndani usijisumbue. Jaza herufi moja, kuanzia juu mpaka chini. Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Utafanya?"

Mafuta yalikuwa yanachemka mbele yangu. Maneno yalikuwa yale yale, hakuwa amebadilisha hata moja, kana kwamba miaka yote hiyo aliyaweka mahali pakavu asije akayapoteza. Huyo Mama Deo naye namtaja, alikuwa dalali wa wasichana, anakaa stendi na simu mbili. Nilingoja kusikia mtoto atasema nini. Nilitaka kuinuka na siwezi kusema kwa nini sikuinuka, miguu ilikuwa ya yule msichana wa nyuma ya zizi.

"Ndiyo, babu," akasema Imakulata. "Asante kwa viatu."

Kupitia wavu nilimwona amepiga goti, amevipokea kwa mikono miwili.

Vitumbua vilivyokuwa motoni viliungua vyote. Mzee alikula vilivyotangulia kuiva, akasifu, akaondoka kwenda kulala kwa ndugu yetu mwingine. Na mimi nikabaki na mtoto aliyesema ndiyo. Jioni hiyo alifua sare yake, akachonga penseli, akaimba nyimbo za kanisani. Nilifungua mdomo kumuuliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kila mara nikauona ungo. Wiki ile tulikuwa tumekubaliana hakuna kuongeza kitu, hakuna kipande kipya, anakula, analala, anatazama mlima. Nikimuuliza, nitakuwa nimemwekea swali kubwa kuliko yote ya mtihani, na ataingia nalo ndani. Na kama alikuwa ameamua kumtii babu yake, maneno yangu yangemweka katikati ya wakubwa wawili, mtoto apasuke. Nikanyamaza. Katika mambo yote niliyoyafanya mwaka ule hilo ndilo lililokuwa gumu, kumwacha.

Siku ya mtihani alivaa vile viatu. Vyeusi, vipya, vya kufunga kamba. Vyake vya shule vilikuwa vimeachama mbele kwa muda mrefu. Nilivitazama vinatoka mlangoni, vinapita kwenye tope la bombani, vinapanda njia ya shule, na nikasema basi, amevaa safari. Pale shuleni kulikuwa na wasimamizi wageni, wazazi tulizuiwa getini. Nilikwenda ghalani. Nilichambua ungo baada ya ungo, na wenzangu wakaniambia Fausta leo hujainua macho, na wakaninyang'anya ungo kwa sababu nilikuwa natupa mazima. Siku ya pili vilevile. Mtoto alirudi, akavua viatu mlangoni, akasema kuna maswali mawili ya Hisabati yalikuwa katikati. Akauliza kuna kande. Alilala mpaka kesho yake mchana.

Halafu ukaja muda wa kungoja, na muda huo Mama Deo alipiga simu kwa Getruda kila mara, msichana yuko wapi, watu wa Dar wanasubiri. Getruda akasema matokeo kwanza. Yalipotoka, binti wa mwenye nyumba alifungua kwenye simu yake, tukasimama uani sote watatu. Alishusha, akashusha, akalitafuta jina. Kisha akasoma. A ya Kiswahili, A ya Sayansi, A ya Maarifa, zikafuatana, kulikuwa na B moja na ilikuwa ya Hisabati. Imakulata alisema, "Yale mawili," akatingisha kichwa kama fundi aliyeona msumari umepinda. Basi. Mimi nilikwenda nyuma ya pazia nikakaa kitandani. Sikulia. Nilikuwa nimejaa kitu ambacho hakina jina kwa Kiswahili wala kwa Kihehe, kitu cha kunyamaza. Huyu alikaa mle ndani na viatu vya Zakaria miguuni, na hakuliacha jibu hata moja alilokuwa analijua.

Mwalimu Gwamaka alisema kwenye mkutano wa wazazi kwamba yule ni tunda la kambi, watu wakapiga makofi. Zakaria alinipigia simu akasema mtoto amemdanganya na mimi ndiye niliyemfundisha. Nikamwambia laiti ingekuwa hivyo, baba mkubwa. Hakupiga tena mpaka akafa.

Sasa tuko hapa Idodi, nyuma ya jiko la msiba, na mimi nimeshikilia ungo siufanyii kazi. Kwa miaka hiyo yote, likizo zote alizokuja kwangu, sikuwahi kumuuliza. Nilidhani nitamwaibisha. Lakini mzee yuko chini ya udongo, na yeye amekaa ubavuni kwangu macho mekundu, nikasema kwa sauti ya chini, "Imakulata, ile Jumapili babu yako alipokuja Ilomba, nilisikia."

"Najua, mama mkubwa. Vitumbua viliungua."

"Ulimwambia ndiyo."

Alichukua harage akaligeuza, akaliweka katikati. "Alikuwa babu yangu," akasema. "Mzee ametoka huku mpaka Mbeya, ningemwambia hapana usoni? Nilimwitikia. Na viatu nilikuwa sina, nikapokea." Akavuta maharage mengine mawili. "Lakini mtihani haukuwa wake. Yeye hakunisomea hata ungo mmoja."

Akaendelea na kazi yake, kana kwamba amenieleza kitu cha kawaida, njia ya kwenda kisimani. Nami nikakaa pale. Miaka yote nilikuwa nadhani ile "ndiyo" yangu ya nyuma ya zizi ilikuwa kamba, kwamba nikishaisema mkono wangu si wangu tena, lazima uandike ilichosema. Sikujua kwamba msichana anaweza kupiga goti, akaitika vizuri, akapokea kwa mikono miwili, kisha akainuka akaenda kujibu anachokijua. Hakuna aliyeniambia. Huyu naye hakuna aliyemwambia. Aliliona mwenyewe, pale pale, mafuta yakiwa yanachemka upande wa pili wa wavu, kwa muda mfupi kuliko wa kugeuza kitumbua. Na bado ana machozi ya kumlilia. Mimi sijamsamehe Zakaria na sina mpango huo, na sitaki mtu anisomee misa juu ya hilo. Lakini nilimtazama mtoto huyu nikaona kuna mahali amefika ambapo mimi napaona kwa mbali tu, kama tunavyouona mlima.

Nilianza tena kuchambua ili mikono ipate shughuli. Kule mbele spika ilikuwa inaeleza jinsi marehemu alivyopenda watoto. Vidole vyangu vilikwenda, vikarudi, na sikuwa naona kitu. Ndipo mkono wake ukaja juu ya mkono wangu, ukafungua fungu langu la kutupa, ukaokota humo maharage mazima, moja, na jingine, na jingine, ukayarudisha.

"Mama mkubwa," akasema. "Inua macho."

Nikainua. Vilima vya Idodi vilikuwa kule nyuma ya mahindi makavu, na moshi wa jiko letu unakwenda upande wao. Tulivitazama sote wawili mpaka mmoja wa wanawake akatuuliza kama vimetuposa. Imakulata akacheka. Akavuta ungo mwingine kati yetu, akaupunguza.